Mgema wa Pauillac

Waswahili wamesema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumeisikia tangu tukiwa wadogo, nasi tumeifanya kama sheria: ukimsifu fundi, umemharibu. Leo nataka kuipima kwa mgema mmoja wa mbali, aliyesifiwa kwa zaidi ya miaka 150 mbele ya wafalme na mawaziri, bei yake ikipanda kila akisifiwa, na maji hakutia. Mgema huyo si mtu bali ni nyumba. Inaitwa Château Mouton Rothschild, iko Pauillac katika nchi ya Ufaransa, na kinachotoka humo ni mvinyo mwekundu.

Najua wako ambao hapa wamekwisha kulikunja gazeti. Watauliza, mzee huyu aliyelelewa chuoni ana nini na khamri? Nawajibu mapema. Sijaionja, sitaionja, wala simshauri mtu aionje. Hukumu yake tunaijua sote, haingoji kalamu yangu. Walakini kutoinywa si kutoijua. Masheikh waliotusomesha fikihi walitueleza bila ya haya jinsi maji ya zabibu yanavyogeuka khamri, na khamri inavyogeuka siki, na ni lini siki hiyo huwa halali: ikigeuka yenyewe ndiyo, ikitiwa kitu cha kuigeuza, kwa madhehebu yetu ya Shafi, siyo. Mtu hawezi kuusomesha mlango huo bila ya kuyajua mambo ya pipa. Na Abunuwasi, huyu tunayewahadithia watoto vichekesho vyake, alikuwa mtu wa kweli, mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, na kwa Waarabu sifa yake kubwa ni mashairi ya mvinyo. Hekaya zikavuka bahari zikatufikia, mashairi yakabaki kule. Pengine ilikuwa kheri.

Hata lugha yetu haikuepuka. Neno mvinyo wataalamu hulirudisha kwa Wareno, wale wale walioijenga Ngome ya Mombasa. Neno divai, ambalo ndugu zetu Wakristo hulitumia zaidi, hulirudisha kwa Wafaransa. Na zabibu ni neno la Kiarabu. Basi tusijifanye wageni wa jambo hili kuliko tulivyo.

Pauillac ni mji mdogo ulio kando ya mlango mpana wa mto Gironde, kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya mji wa Bordeaux. Ukiutazama udongo wake utamwonea huruma mkulima, maana ni changarawe tupu. Wenyewe wanasema hiyo ndiyo neema yao. Maji hayatuami, mzizi hulazimika kushuka chini sana kuyatafuta, na mti unaohangaika namna hiyo huzaa zabibu ndogo zenye ngozi nene. Aina iliyo nyingi zaidi ni Cabernet Sauvignon. Na hiyo mizizi yenyewe si ya Kifaransa. Katika karne ya 19 mdudu kutoka Marekani aliingia akaila mizizi ya mizabibu karibu Ufaransa nzima, na dawa ikapatikana huko huko alikotoka mdudu: kulipandikiza tawi la Kifaransa juu ya shina la Kimarekani ambalo mdudu haliwezi. Kwa hivyo fahari yote ile imesimama juu ya miguu ya kuazima.

Zabibu huchumwa mwezi wa Septemba na Oktoba. Huumuka pamoja na ngozi zake, kwa kuwa rangi nyekundu hutoka katika ngozi wala si katika maji yake, kisha mvinyo hutiwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 225, ukakaa humo mwaka mmoja na nusu au zaidi. Ute wa mayai hutiwa ili takataka zishuke chini.

Sasa linganisha na tembo la mnazi. Mgema wetu hupanda alfajiri na kotama yake na kibuyu. Asubuhi tembo ni tamu, jioni ni kali, kesho yake lashika njia ya kuwa siki. Mgema huhukumiwa siku ile ile na mnywaji aliye mbele yake, na siku ya pili ushahidi umekwisha. Mvinyo wa Pauillac aghalabu hufunguliwa baada ya miaka 20, au 30, au 50. Anayeutia maji leo huenda akafichuliwa na mtu ambaye hajazaliwa. Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka methali.

Nyumba yenyewe zamani iliitwa Brane-Mouton. Mwaka 1853 ilinadiwa, akainunua Nathaniel de Rothschild, wa ile jamaa mashuhuri ya mabenki, tawi la London. Miaka miwili baadaye Kaisari Napoleon wa Tatu aliandaa maonyesho makubwa mjini Paris, na mvinyo wa Bordeaux ukatakiwa upangwe madaraja. Kazi hiyo wakapewa madalali. Kipimo chao hakikuwa ulimi bali daftari: walitazama bei, kilichozoea kuuzwa ghali wakakiweka juu. Nyumba nne zikapewa daraja la kwanza, nazo ni Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton ikawekwa ya kwanza katika daraja la pili.

Kwa mtu asiyeonja kama mimi, kipimo hicho kina ukweli wake. Mtu aweza kukudanganya juu ya ladha, lakini kuidanganya bei ya miaka mingi ni shida. Ubaya wake ni kuwa yaliyoandikwa yaligeuka kama jiwe. Baba akiandikwa wa pili, mwana wa pili, mjukuu wa pili. Na uchungu ukazidi mwaka 1868, pale Lafite, ambayo ni jirani wa kupakana, iliponunuliwa na James de Rothschild, ami yake Nathaniel na tena mkwewe. Jamaa moja, mpaka mmoja, madaraja mawili. Anayezijua nyumba za Waswahili hahitaji kuelezwa zaidi.

Mambo yaligeuka mwaka 1922, shamba lilipokabidhiwa kijana wa miaka 20, Philippe de Rothschild, kitukuu cha Nathaniel. Alilolikuta ndilo hasa lililonifanya niandike.

Desturi ya Bordeaux siku hizo ilikuwa hivi. Mwenye shamba hukamua, hutia katika mapipa, na mapipa huchukuliwa na tajiri wa mjini. Tajiri ndiye ayatunzaye, ndiye atiaye katika chupa, ndiye abandikaye karatasi. Baina ya pipa na chupa palikuwa na giza. Mvinyo mwepesi ukitiwa mzito kutoka kusini ya nchi, au kutoka Uhispania, nani angejua? Jina lililokuwa juu ya chupa lilikuwa la shamba, na mkono ulioijaza ulikuwa wa mtu mwingine. Mgema hakuwa hata na haja ya kutia maji. Alikuwa naye wa kumtilia.

Philippe akasema basi. Mavuno ya 1924 yote yakatiwa chupani pale pale shambani, kizibo kikatiwa pale pale, na karatasi ya mwaka huo akaichora Jean Carlu, mchoraji wa mabango. Akawashawishi na wenziwe wa nyumba kubwa wafanye vivyo hivyo. Kwa kuwa mapipa yaliyokuwa yakiondoka mapema sasa yalibaki nyumbani, ikabidi lijengwe ghala la kuyaweka, likakamilika mwaka 1926, urefu wake mita 100. Mtu asidhani kuwa hilo ni jambo dogo la kiwandani. Kijana yule alijitwalia lawama yote. Tangu siku hiyo chupa ikiwa mbaya, hapana tajiri wa mjini wa kusingiziwa.

Mavuno ya 1930 yalikuwa mabaya. Akakataa kuyatoa kwa jina la nyumba, akayapa jina jingine, Mouton Cadet, yaani Mouton mdogo mtu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kitinda mimba. Hapa msomaji mjanja atanishika mkono. Cadet ile ilipendwa, ikakua, na leo hutengenezwa kwa zabibu na mvinyo wa mashamba mengine ya Bordeaux, ikauzwa dunia nzima kwa bei ya mtu wa kawaida, huku ikinyonya umaarufu wa jina la mamake. Je, hayo si maji? Mimi nasema ni maji. Lakini yametiwa katika mtungi mwingine, na mtungi umeandikwa. Anunuaye ajua anunuacho.

Katika juzuu ya Amma iko sura inayowakemea wanaopunja vipimo. Kila mtoto wa chuo ameipita, kwa fimbo au bila ya fimbo. Sasa toka uende ukanunue asali. Muuzaji atakuapia kwa Mola wake kuwa ni ya nyuki, nawe utafika nyumbani uikute sukari imeganda chini ya chupa. Nenda kwenye maziwa, nenda kwenye samli, nenda kwenye pilipili manga ya kusagwa. Inanichoma kuona watu wanaotengeneza kitu kilichoharimishwa wamekishika kipimo, na sisi wauza halali tumekiachilia. Asinielewe vibaya mtu. Uaminifu haukihalalishi kilicho haramu, hata ukawa mkubwa namna gani. Lakini je, uhalali wa asali unaihalalisha ile sukari iliyotiwa ndani yake? Swali hili nimewahi kumtupia mfanyabiashara mmoja ninayesali naye safu moja, akacheka, akaniuliza kama siku hizi nimeanza kunywa.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja, Philippe, aliyekuwa Myahudi, alinyang'anywa shamba na serikali ya Vichy. Alitoroka akaivuka milima ya Pyrenees kwa miguu hadi Uhispania, kisha akafika Uingereza kujiunga na watu wa Jenerali de Gaulle. Mkewe Élisabeth, ambaye hata hakuzaliwa Myahudi, alikamatwa akapelekwa kambi ya Ravensbrück, akafia huko mwaka 1945. Mavuno ya mwaka huo huo yalitoka mazuri mno, na juu ya chupa Philippe akamtaka kijana aitwaye Philippe Jullian achore herufi V, alama ya ushindi. Matajiri hulipa maelfu ya dola kwa chupa moja ya mwaka huo, wakakaa wakaisifu harufu yake. Mimi nikiitazama picha ya karatasi ile namwona mjane mwanamume aliyerudi nyumbani akaikuta zabibu imeiva.

Tangu hapo, karibu kila mwaka karatasi ya chupa hupewa mchoraji. Cocteau alichora ya 1947, Braque ya 1955, Dalí ya 1958, Henry Moore ya 1964, Miró ya 1969, Chagall ya 1970, Warhol ya 1975. Fedha hawakulipwa, walilipwa makasha ya mvinyo. Sisi watunzi wa mashairi ya magazetini habari hiyo haitushangazi, maana wengine wetu tumelipwa nakala moja ya gazeti, tena iliyokunjwa. Philippe mwenyewe alikuwa mtu wa mashairi. Aliwatafsiri kwa Kifaransa washairi wa Kiingereza wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Marlowe akiwa mmoja wao, na kazi ya kulihamisha shairi kutoka lugha hadi lugha na lisimwagike njiani ni kazi ya mtu mwenye subira. Labda ndiyo iliyomfunza mambo ya pipa na chupa.

Hata hivyo michoro ile nina shaka nayo. Wako wanunuao karatasi wakaisahau chupa. Na mwaka 1993 mchoro wa Balthus ulikuwa wa msichana mchanga aliye uchi. Ulilalamikiwa huko Marekani, na chupa za huko zikatoka na nafasi tupu pale pa picha. Wenye kukusanya karatasi wakazigombania zote mbili, yenye picha na isiyo na picha. Hapo sanaa imekwisha, imebaki biashara ya stampu.

Mwaka 1973 waziri wa kilimo wa Ufaransa, Jacques Chirac, ambaye baadaye alikuwa rais, alitia saini amri ya kuipandisha Mouton daraja la kwanza. Katika orodha ya 1855 nyumba iliyopanda kutoka daraja la pili hadi la kwanza ni hiyo peke yake. Karatasi ya mwaka huo ilibeba picha ya Picasso, aliyekuwa amefariki mwezi wa Aprili. Wako wasemao kuwa Philippe alipata cheo kwa kuwajua wakubwa. Bila shaka aliwajua, na miaka mingi aliwagongea milango. Lakini tazama yaliyotokea Bordeaux mwaka huo huo. Wakaguzi wa serikali waliziendea hesabu za nyumba moja kubwa ya wafanyabiashara wa mvinyo, na mwaka 1974 kesi ikasikizwa: mvinyo rahisi ulikuwa umepewa vyeti vya mvinyo wenye jina. Lile lile giza baina ya pipa na chupa, miaka 50 baada ya kijana wa Mouton kuifunga milango yake. Mimi ningekuwa waziri ningempa daraja kwa ajili ya 1924, ladha nikawaachia wanaoijua.

Philippe alifariki mwaka 1988. Bintiye Philippine akaishika nyumba mpaka alipofariki mwaka 2014, na sasa iko mikononi mwa watoto wake.

Nisije nikamfanya mtu mmoja kuwa malaika. Serikali nayo ilisimama. Mwaka 1935 Ufaransa iliweka sheria ya majina ya mahali pa asili, na mwaka 1936 jina Pauillac likaingizwa humo. Maana yake ni kuwa mtu wa kijiji kingine hawezi kuandika Pauillac juu ya chupa yake, hata akawa na zabibu tamu kuliko za Pauillac yenyewe. Jina ni la ardhi, na ardhi ina mipaka. Wezi hawakukoma, lakini sasa wanaitwa wezi. Kijana mmoja aitwaye Rudy Kurniawan alikuwa akichanganya mvinyo nyumbani kwake California, akatia katika chupa za kale, akabandika karatasi za nyumba kubwa za Ufaransa, akawauzia matajiri. Mahakama ya New York ilimwona na hatia mwaka 2013, na mwaka uliofuata akafungwa miaka 10. Aliwatapeli watu waliojisifu kwa ndimi zao. Ndimi hazikumkamata, kilichomkamata ni majina na tarehe zisizolingana.

Haya ya majina yana upande wake kwetu. Mwaka 2007 habari zilienea Kenya kuwa kampuni moja ya Uingereza imeomba neno kikoi, kwa herufi za Kizungu, lisajiliwe huko kuwa alama yake ya biashara. Watu wakalipinga, na hatimaye ombi likaachwa. Tulifurahi, tukaandika, mimi nikiwa miongoni mwao. Lakini furaha ile ilikuwa ya mtu aliyeokoa mlango baada ya kuuacha wazi. Kikoi tulikiokoa kisipewe jina la mwingine. Kwamba hiki kimefumwa wapi na nani, hilo hatukuliandika popote.

Iangalieni tena methali. Inamtaja mgema, inalitaja tembo, inayataja na maji. Jina la mgema haimo. Asifiwaye bila ya jina ana hasara gani akitia maji? Kesho atapanda mnazi mwingine, na sifa zitampata mgema yeyote atakayeshuka na kibuyu.

Kofia ya mkono ya Lamu humchukua mshonaji wiki na miezi, tundu kwa tundu, na sokoni imewekwa bega kwa bega na za mashine kutoka ng'ambo zinazoiga nakshi yake. Ndani ya ukingo wake hamna hata herufi moja. Mwezi uliopita niliwauliza wauzaji watatu hapa Mombasa, kofia hii ameishona nani? Wawili walinijibu, Lamu. Wa tatu alinitajia jina la mtu na mtaa anaokaa, na hilo ni kwa kuwa aliyeishona ni shangazi yake.